Kutoka Fundi hadi Mkandarasi: Njia Ipo, Tuipande Pamoja

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Ujenzi kwenye Mkutano Mkuu wa Mwaka na Harambee

 

Katika mkutano uliopita mzee mmoja aliuliza swali ambalo Kamati Tendaji ilitukabidhi sisi wajumbe wa ujenzi tulijibu. Alisema: "Kila tukichanga fedha za darasa au zahanati, mkandarasi anatoka mbali, anakuja na watu wake, anamaliza anaondoka. Kwani kwetu hakuna mafundi?"

Mafundi tunao, wengi na wazuri. Makandarasi waliosajiliwa ndio wachache. Fundi na mkandarasi ni watu wawili tofauti mbele ya sheria, na leo tunataka kueleza njia inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, mahali inapokwama, na kile tunachoomba harambee hii ifanye.

Tulikotoka

Ndugu zetu, sisi ni watu wa milimani. Kwetu huwezi kujenga hata banda la mbuzi bila kwanza kuchimba mteremko na kupanga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo. Wazee wetu walijenga ndiva za kukusanya maji na mifereji ya kuyashusha mashambani, na mfereji ukikosea mwinuko kidogo tu, maji hayafiki. Shule nyingi tulizosoma zilisimama kwa msaragambo: huyu kabeba jiwe, yule kabeba maji, mwingine kapika, na fundi mmoja mwenye jicho kali kasimama na kamba na timazi.

Msaragambo haujafa wala hatutaki ufe. Lakini siku hizi kazi nyingi zenye fedha kubwa hazitolewi kwa njia hiyo. Zinatangazwa kwa zabuni, na zabuni inamtafuta mkandarasi mwenye cheti, mwenye kampuni na mwenye daraja linalotosha. Fundi wetu aliyejenga nusu ya nyumba za kata yake anajikuta anapanga tofali kwa posho ya siku katika kazi ambayo angeweza kuisimamia mwenyewe.

Kwa nini sheria inadai usajili

Wapo wanaosema usajili ni ujanja wa kukusanya ada. Sisi tulio Dar es Salaam tuna sababu ya kutosema hivyo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa katikati ya jiji liliporomoka, wakafa watu 36. Novemba 2024 tukashuhudia tena jengo la Kariakoo likianguka na kuua zaidi ya watu 20. Wengi wetu tuna maduka Kariakoo, tuna watoto wanaofanya kazi kule. Jengo likianguka, swali la kwanza ni moja: nani alikuwa anawajibika? Usajili upo ili swali hilo liwe na jibu kabla jengo halijaanguka.

Kazi hiyo iko chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Kwa sheria hiyo, kufanya kazi ya ukandarasi bila kusajiliwa ni kosa. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao pia. Msitishwe na wingi wa bodi. Anayechora, anayekokotoa uimara, anayepima gharama na anayejenga, kila mmoja ana mahali pa kuulizwa.

Ngazi ya kwanza: ujuzi uwe na karatasi

Fundi wetu wengi wamejifunza kwa baba, kwa mjomba, au kwa kushika ndoo ya zege tangu ujana. Ujuzi huo ni halali kabisa, ila haujaandikwa popote. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi anapimwa kwa vitendo, anajazwa pale penye pengo, kisha anapewa cheti. Hahitaji kuanza upya kama mtoto wa kidato cha kwanza.

Cheti hicho hakimfanyi kuwa mkandarasi, na tusimdanganye mtu. Kinamfanya fundi anayetambulika, anayeweza kutajwa kwenye orodha ya wafanyakazi wa kampuni inayoomba zabuni.

Tunawaomba mafundi walioko nyumbani waanze jambo moja leo, bila kusubiri cheti chochote: watunze kumbukumbu za kazi zao. Serikali imekuwa ikitumia utaratibu wa force account, ambapo shule au kijiji hununua vifaa na kumlipa fundi wa hapo hapo kwa ufundi. Mafundi wetu wamejenga madarasa, vyoo na nyumba za walimu kwa njia hiyo. Lakini ukimuuliza mmoja akuoneshe mkataba, kaupoteza. Picha, hana. Barua ya mwalimu mkuu kwamba kazi ilikamilika vizuri, hakuiomba. Miaka yote ya kazi imebaki kwenye midomo ya majirani. Nunueni faili moja. Kila kazi, mkataba wake, picha zake na barua yake viingie humo.

Ngazi ya pili: mtaalamu ndani ya kampuni

Hapa ndipo pazito, na ndipo wengi wanapokata tamaa.

Bodi husajili kampuni, na mikono mizuri peke yake haitoshi. Ndani ya kampuni hiyo lazima awepo mtu mwenye elimu ya ufundi inayokubalika, ambaye ni sehemu ya kampuni na ndiye msimamizi wa kitaalamu wa kazi zake. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo elimu na uzoefu wake unavyotakiwa kupanda, kutoka fundi sanifu mwenye stashahada hadi mhandisi, msanifu majengo au mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na bodi yake.

Fundi wetu wa miaka 45 husikia hivyo akasema, basi, hayanihusu. Sasa tumgeukie kijana wetu wa pili. Amemaliza stashahada ya ujenzi Chuo cha Ufundi Arusha au DIT, au shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Ardhi. Ana karatasi, hana kazi. Hajawahi kusimamia mafundi kumi wanaogombania toroli. Hajui tofali la kwetu linachomwa vipi, wala nani anauza mchanga usio na udongo. Anaishi kwa shangazi yake Mbagala akipeleka barua za maombi.

Ndugu Mwenyekiti, watu hawa wawili ni nusu mbili za mkandarasi mmoja. Mmoja yuko mlimani ana mikono, mwingine yuko mjini ana cheti, na mara nyingi ni watu wa ukoo mmoja ambao hukutana msibani tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama kuna kitu kimoja tunachotaka mkibebe kutoka kwenye hotuba hii, ni hiki: kwa watu wa hali yetu, ukandarasi haupatikani na mtu mmoja mmoja. Unapatikana kwa kuunganishwa.

Ngazi ya tatu: kampuni yenyewe

Kampuni husajiliwa BRELA, na siku hizi maombi hufanyika kwa mtandao. Andikeni hisa za kila mtu zikiwa wazi, na mwandike pia mtafanya nini mmoja akitaka kutoka au akifariki. Tunasisitiza hili kwa sababu tunajuana. Kampuni ya ndugu huanza kwa chai na kuvunjika kwa fedha ya kwanza. Kila mtu ajue mapema kiasi gani ni mshahara, kiasi gani ni faida, na kiasi gani hakiguswi kwa sababu ni cha kazi.

Baada ya BRELA kuna namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara. Ukiajiri watu, kuna NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kuna OSHA kwa usalama mahali pa kazi. Wengi huziona hizi kama mizigo. Sisi tumeona fundi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, akarudi nyumbani na mguu usiokunjika, na aliyemwajiri akampa nauli. Michango hii ipo kwa ajili ya mtu huyo na watoto wake.

Ngazi ya nne: kuomba usajili

Hapo ndipo maombi yanakwenda Bodi. Utachagua aina ya ukandarasi: majengo, kazi za kihandisi kama barabara na madaraja, umeme, mitambo, au kazi maalumu. Kwa majengo kuna madaraja saba. La kwanza ndilo la juu, na la saba ndilo la kuanzia. Kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi unayoruhusiwa kuchukua, isipokuwa la kwanza, ambalo halina kikomo. Bodi itaangalia wataalamu wako, uzoefu wao, ofisi, mtaji na vifaa ulivyonavyo.

Msidharau daraja la saba. Madarasa mawili, zahanati ndogo, nyumba ya mwalimu, uzio wa shule: hizi ndizo kazi tunazochangia sisi kila mwaka, na ndizo zinazomlea mkandarasi mdogo. Mwenye daraja la saba aliyemaliza kazi nne bila lawama ana njia ya kuomba kupanda. Aliyelazimisha kuanzia juu kwa karatasi za kuazima hana pa kukanyaga.

Ukishasajiliwa, kuna ada ya kila mwaka, kuna kusajili kila mradi kabla ya kuanza, na kuna bango la mradi lenye majina ya wahusika. Ninyi mnaojenga nyumba nyumbani mkiwa huku mjini au ng'ambo, liangalieni bango hilo. Mtu akikuambia amesajiliwa, mwombe cheti, kisha uulize Bodi kama usajili wake uko hai mwaka huu. Kuuliza si kumvunjia mtu heshima.

Baada ya cheti: fedha

Wengi hudhani cheti ndicho mwisho wa safari. Makandarasi wadogo wengi wanakwama baada ya cheti, na wanakwamishwa na fedha.

Tuchukue mfano. Umepata kazi ya shilingi milioni 100. Umepiga hesabu vizuri na umejiwekea faida ya asilimia 10, yaani milioni 10. Mkataba unasema mwajiri atazuia asilimia 10 ya malipo mpaka kazi ikamilike na kipindi cha matazamio kiishe. Hiyo nayo ni milioni 10. Kwa hiyo umemaliza jengo, watoto wameingia darasani, na faida yako yote bado iko mikononi mwa mwajiri. Hapo hatujasema lolote kuhusu hati ya malipo iliyocheleweshwa miezi mitatu. Mafundi wanalipwa Jumamosi, na Jumamosi haingoji hati ya malipo.

Ndiyo maana kujifunza kusoma BOQ ni muhimu kuliko kununua gari. BOQ ni orodha ya kazi, vipimo na bei, na mkandarasi asiyeijua hujiibia mwenyewe. Kwetu mchanga na kokoto hupandishwa kutoka tambarare, na masika barabara za milimani zinateleza. Anayeweka bei ya Moshi mjini kwa kazi ya Ugweno ameshapata hasara kabla ya kuchimba msingi. Hapa mtu wa nyumbani ana faida ambayo wa mbali hana: anajua mvua inaanza lini, lori linaishia wapi, na kutoka hapo mzigo unabebwa na nani.

Kuna misaada ambayo watu hawaijui. Bodi ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo na wa kati kupata dhamana ya zabuni na dhamana ya malipo ya awali, ambazo benki humpa kwa shida mtu asiye na nyumba ya kuweka rehani. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni za Serikali sasa hupita kwenye mfumo wa NeST, kwa hiyo kijana anayejua kompyuta ni mtu muhimu katika kampuni kama fundi wa zege. Nafasi zipo, lakini aliye nje ya mlango hazioni.

Njia ya mkato

Tuseme wazi jambo linalosemwa pembeni. Kuna wanaokodi vyeti. Mhandisi anaweka jina lake kwenye kampuni, analipwa kidogo kila mwaka, na hajawahi kukanyaga eneo la kazi. Tunajua kishawishi kinatoka wapi: kijana hana ajira, fundi ana kazi mkononi, kila mmoja anadhani anamsaidia mwenzake.

Lakini jengo halijui kwamba cheti kilikodiwa. Nguzo iliyopungukiwa nondo inapungukiwa hata kama jina lililoko kwenye bango ni la mhandisi. Siku likitokea la kutokea, atakayetafutwa ni yule mwenye jina. Mama zetu walioko hapa, mliouza ng'ombe kumsomesha kijana huyo, mwambieni asiuze jina lake kwa bei ya kodi ya chumba. Aingie kwenye kampuni kama mwenye hisa, aende mlimani, avae buti na asimamie kazi.

Tunachoomba leo

Ndugu zetu, Kamati Tendaji imekubali tuwaletee mapendekezo matatu, na harambee ya leo ni kwa ajili yake.

La kwanza, tugharamie mafundi 10 kutoka kata zetu wafanyiwe upimaji na kurasimishiwa ujuzi wao na VETA. Tungependa watatu angalau wawe wanawake, kwa sababu wapo wanaopiga plasta na kupaka rangi vizuri kuliko wanaume, na wanaitwa wasaidizi tu.

La pili, tuchangie ada ya vijana wanne wanaosoma stashahada ya ujenzi, kwa masharti kwamba likizo zao watafanya kazi na mafundi hao 10 nyumbani, kwenye miradi yetu wenyewe. Darasa tunalojenga liwe pia darasa la kufundishia ukandarasi.

La tatu, tuanzishe mfuko mdogo wa mkopo kwa kampuni ya kwanza ya daraja la saba itakayoundwa na mafundi na wataalamu wa nyumbani. Uwe wa kulipia gharama za usajili, vifaa vya kuanzia na mishahara ya wiki za mwanzo wakati malipo yanasubiriwa. Ni mkopo, utarudi, na utasaidia kampuni ya pili.

Tunapendekeza pia masharti ya kuulinda mfuko huo. Kampuni yenye mtaalamu wa jina tu isipate hata shilingi. Hesabu zisomwe hapa kila mwaka, mbele ya wote. Tena, kampuni hiyo isipewe kazi za umoja wetu kwa sababu ni yetu. Ishindane na wengine kwa bei na kwa ubora, na wajumbe wenye ndugu ndani yake watoke nje wakati wa kuamua. Undugu utusaidie kuwaandaa vijana wetu. Mezani pa zabuni, undugu ukae pembeni.

Wapo watakaouliza, fedha hizi si zingepaua darasa lililobaki bila bati? Swali hilo ni la haki, na tumelijadili kwa muda mrefu. Darasa lile litapauliwa. Fungu lake limo kwenye taarifa ya Mweka Hazina na halijaguswa. Hili la leo ni la nyongeza. Tunalileta kwa sababu kila mwaka tunachanga, kila mwaka ufundi unanunuliwa kutoka mbali, na vijana wetu wanabaki kuchota maji ya zege.

Wazee wetu walituachia shule kwa msaragambo. Kila mtu alileta alichokuwa nacho, na hakuna aliyeulizwa kwa nini jiwe lake ni dogo. Msaragambo wa leo unadai mawe ya aina nyingine: ada ya chuo, muda wa mhandisi aliyestaafu anayeweza kufundisha BOQ siku mbili kwa mwezi, ushauri wa mwanasheria wetu kuhusu katiba ya kampuni, mashine ya kuchanganyia zege iliyolala kwenye stoo ya mtu. Mwenye fedha alete fedha. Mwenye ujuzi aandike jina lake kwa Katibu kabla hajaondoka.

Na yule mzee aliyetuuliza swali, tunamwomba asichoke kuuliza. Mwakani, Mungu akipenda, tutamletea majina ya mafundi 10 na vyeti vyao. Pale tutakapokuwa hatujafika, atuulize tena mbele ya mkutano huu huu.